Habasoda: Baina ya Sahani ya Maabara na Mwili wa Mgonjwa



Ndugu zangu katika Imani, ukitoka msikitini siku ya Ijumaa hapa Bujumbura, hasa upande wa Buyenzi, hukosi kuona meza yenye miswaki, udi, asali na chupa ndogo za mafuta ya habasoda. Siku hizi chupa hizo zimeingia hata katika mabweni yetu. Wapo wanaozipitisha chumba kwa chumba, na maelezo yao hayabadiliki: Mtume (S.A.W.) ameisifu habasoda, na wanasayansi nao wamethibitisha kuwa inaua bakteria na ina antioksidanti. Kwa kuwa nasoma mambo ya maabara, ndugu wengi hunijia na swali moja: je, ni kweli inaua bakteria?

Jibu langu ni ndiyo. Inaua, na nitaeleza inavyoua. Lakini swali lenyewe limekatwa katikati. Vitu vingi vinaua bakteria vikiwekwa nao mahali pamoja: siki inaua, sabuni inaua, chumvi ikizidi inaua. Mgonjwa anahitaji kuuliza zaidi ya hapo. Ni kitu gani hasa kilichoua? Kwa kiasi gani? Bakteria yupi? Na je, kiasi hicho kinaweza kufika pale ugonjwa ulipo? Maswali haya si ya kuipinga Sunna. Nitaonesha kwamba baadhi yake yamo ndani ya riwaya yenyewe, tukiisoma mpaka mwisho.

Hadithi ikisomwa yote

Hadithi tunayoijua sote imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (R.A.), na Bukhari ameipokea pia kutoka kwa Bi Aisha (R.A.). Maana yake ni kwamba katika habasoda mna shifaa ya kila ugonjwa isipokuwa mauti. Ni hadithi sahihi, na Muislamu haitilii shaka. Lakini wengi wetu tumeisikia sentensi hiyo moja tu, imekatwa na kubandikwa juu ya chupa. Katika Sahihi Bukhari, ile riwaya ya Bi Aisha inakuja ndani ya kisa. Khalid bin Sa'd anasimulia kwamba walisafiri pamoja na Ghalib bin Abjar, naye akaugua njiani. Wakaingia Madina akiwa bado mgonjwa. Ibn Abi Atiq akaja kumtazama, akawaelekeza wachukue punje tano au saba za habasoda, wazisage, kisha wamdondoshee puani pamoja na matone ya mafuta, upande huu na upande huu. Baada ya hapo ndipo akawatajia hadithi aliyoipata kwa Bi Aisha.

Tazama yaliyomo humo. Kuna idadi ya punje. Kuna namna ya kutayarisha, nayo ni kusaga. Kuna kitu cha kuchanganyia. Kuna njia ya kuingizia dawa mwilini, nayo ni pua, si mdomo. Na kuna mtu aliyemtazama mgonjwa kwanza kabla ya kumwelekeza. Leo mfamasia anaandika mambo hayo hayo juu ya pakiti: kipimo, maandalizi, njia.

Wanazuoni nao walijadili maneno "kila ugonjwa". Ibn Hajar al-Asqalani, katika Fat-hul Bari, anamnukuu al-Khattabi aliyesema kwamba tamko hili ni la jumla lakini linalokusudiwa ni mahususi, kwa sababu hakuna mmea mmoja uliokusanya tabia zote za kupambana na maradhi yote. Yeye aliliona linahusu maradhi yatokanayo na unyevu mwilini, kwa elimu ya tiba ya zama zake. Ibn Abi Jamra hakuridhika na kuibana hadithi namna hiyo. Na Ibn Hajar mwenyewe anaeleza kwamba kuwa ni shifaa ya kila ugonjwa hakulazimu itumiwe peke yake katika kila ugonjwa. Mara hutumiwa peke yake, mara huchanganywa na kitu kingine, mara husagwa na mara haisagwi, mara huliwa, mara hunywewa, mara huvutwa puani, mara hubandikwa juu ya ngozi. Mimi si mwanachuoni na siingii kati yao. Ninachokiona ni kwamba hata yule anayelichukua neno kwa upana wake anarudi kwenye namna ya matumizi. Sijamkuta hata mmoja aliyesema: kunywa kijiko chochote cha mafuta yoyote kwa ugonjwa wowote, utapona.

Chupa moja, mafuta mawili

Habasoda, kwa jina la kitaalamu Nigella sativa, ni mmea mdogo wa msimu, wenye maua meupe yanayoelekea buluu, na mbegu nyeusi zenye pembepembe. Wahindi na Wapakistani huita kalonji, Waajemi huita shuniz, na Waethiopia, wanaoilima kwa wingi na kuitia katika viungo vya mboga, huita tikur azmud. Usiichanganye na mbegu za vitunguu, ambazo nazo ni nyeusi na zinafanana nayo sana. Ukitaka kutofautisha, isugue kiganjani: habasoda hutoa harufu kali kidogo, ya kupanda puani, na mbegu ya kitunguu haina harufu hiyo.

Ndani ya mbegu hii mna mafuta ya aina mbili, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ya kwanza ni mafuta mazito, kama ya alizeti au ufuta. Haya ni mengi, kiasi cha theluthi moja ya uzito wa mbegu au zaidi kidogo, na zaidi ya nusu yake ni asidi ya linoleiki, ambayo ni chakula kizuri. Ya pili ni mafuta mepesi ya harufu, yale yanayoruka hewani ukifungua mfuniko. Haya ni machache mno: mara nyingi hayafiki asilimia 1 ya uzito wa mbegu, ingawa vipimo vingine vimepata zaidi ya hapo. Mafuta mazito hupatikana kwa kukamua. Mafuta ya harufu hupatikana kwa kuzichemsha mbegu zilizosagwa, kuukamata mvuke na kuupoza. Ukichukua gramu 100 za habasoda yenye nusu asilimia, saa tatu za kuchemsha zitakupa nusu gramu tu, yaani kama matone ishirini.

Nguvu ya kuua vimelea iko zaidi katika hayo matone ishirini. Humo ndimo ilimo kemikali iitwayo thaimokwinoni, ambayo Mmisri El-Dakhakhny aliitenga mwaka 1963, na ambayo mara nyingi huwa theluthi moja au zaidi ya mafuta hayo. Pamoja nayo mna simeni, kavakroli, anetholi na tapineoli. Kavakroli ni jamaa wa karibu wa thaimoli, ile iliyomo katika baadhi ya dawa za kusukutua mdomo.

Sasa rudi kwenye chupa yako. Iliyoandikwa "mafuta ya habasoda" karibu kila mara ni mafuta mazito yaliyokamuliwa. Yana thaimokwinoni kidogo iliyofuatana nayo, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya chupa na chupa, kwa sababu kinategemea mbegu ilikotoka, joto la mashine ya kukamulia, na muda chupa ilivyokaa juani. Mwanga unaiharibu thaimokwinoni upesi. Chupa nyeupe iliyokaa dirishani mwezi mzima inaweza kubaki na mafuta mazuri ya kula na isibaki na kitu kingi cha kuua bakteria. Kwa hiyo mtu anapokuambia "utafiti umethibitisha", muulize: utafiti wa mafuta yapi? Mara nyingi karatasi anayoitaja ilipima mafuta ya harufu, na yeye anakuuzia ya kukamua. Sidhani kama wengi wao wanadanganya kwa makusudi. Hawajui tu kwamba ni vitu viwili.

Duara safi

Jaribio lenyewe ni rahisi, na waliopita katika labo yoyote ya mikrobiolojia wamelifanya. Unachukua sahani yenye jeli ya agari, unapaka bakteria juu yake sawasawa, kisha unaweka kikaratasi cha mviringo chenye upana wa milimita 6 kilicholoweshwa mafuta. Unaiacha sahani katika joto la mwili mpaka kesho yake. Bakteria wakiota kila mahali isipokuwa kuzunguka kikaratasi, unapata duara safi. Unapima upana wake kwa rula. Namna hii ya kupima ni ile iliyosanifiwa na Bauer, Kirby na wenzao mwaka 1966, na hospitali duniani bado zinaitumia kuchagua antibiotiki.

Habasoda hutoa duara, hilo halina ubishi. Mwaka 1991 watafiti Hanafy na Hatem walichapisha kazi yao juu ya dondoo ya habasoda iliyotolewa kwa etha. Ilizuia Staphylococcus aureus, ikazuia pia Pseudomonas na E. coli, na kuvu aina ya Candida albicans. Wakaenda mbele zaidi: walisababisha uambukizo wa Staphylococcus chini ya ngozi ya panya, kisha wakachoma sindano ya dondoo pale pale penye uambukizo, na uambukizo ukaondoka. Zingatia maneno "pale pale". Dawa haikupitia tumboni. Iliwekwa juu ya adui.

Tafiti nyingine nyingi zimefuata, na mwelekeo wake unafanana. Bakteria wa kundi la Gramu chanya, kama Staphylococcus, huumia zaidi. Wale wa Gramu hasi huvumilia zaidi. Sababu inaeleweka. Mafuta ya harufu huua kwa kujipenyeza katika utando wa bakteria, ambao nao ni wa mafuta, na kuufanya uvuje. Bakteria wa Gramu hasi ana ukuta mwingine wa nje, wenye sukari na fosfati, unaoyasukuma mbali mafuta. Pia ana pampu za kukitoa nje kile kilichopenya. Na ni vizuri tukumbuke kwamba vijidudu vinavyotusumbua zaidi vyuoni ni wa kundi hilo: Salmonella Typhi wa homa ya matumbo, E. coli wa njia ya mkojo, na kipindupindu kinachorudi kila mara katika mitaa yetu ya karibu na ziwa.

Jambo jingine linalopuuzwa ni kwamba duara lenyewe si kipimo kizuri kwa mafuta. Agari ni maji kwa sehemu kubwa, na mafuta hayasambai vizuri ndani ya maji. Mafuta yenye nguvu yanaweza kutoa duara dogo kwa sababu tu hayakusogea, na mepesi yanaweza kuruka hewani na kuwaua bakteria kwa mvuke. Ndiyo maana mtafiti makini haishii kwenye rula. Hupunguza mafuta hatua kwa hatua ndani ya mchuzi wa bakteria, akiyachanganya na kitu cha kuyayeyusha, mpaka apate kiasi cha chini kabisa kinachozuia bakteria wasiote. Na huwa na chupa nyingine yenye kile kiyeyushi peke yake, asije akaisifu habasoda kwa kazi iliyofanywa na kiyeyushi.

Hebu tupige hesabu

Tuchukue mfano. Tuseme mafuta ya harufu yanazuia bakteria fulani kwa miligramu 1 katika kila mililita. Kwa mafuta ya mimea hicho ni kiwango ambacho watafiti wengi wangekiita kizuri. Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, yaani mililita 5000. Ili damu yake ifikie kiwango kile, anahitaji miligramu 5000, yaani gramu 5 za mafuta ya harufu ndani ya mishipa. Kwa habasoda yenye nusu asilimia, gramu 5 hizo zinatoka katika kilo nzima ya mbegu. Na hapo tumemhurumia sana: tumedhani kila tone limepita utumboni, ini halikuvunja chochote, na hakuna kilichokwenda kwenye misuli na mafuta ya mwili. Ukweli ni kwamba thaimokwinoni haiyeyuki vizuri katika maji, na ikiingia damuni hushikana sana na protini, isibaki nyingi ya kupambana. Antibiotiki za kawaida huwazuia bakteria walio dhaifu kwao kwa maikrogramu 1 kwa mililita, mara nyingi chini ya hapo. Hiyo ni tofauti ya mara elfu.

Sisemi haya kuidharau mbegu. Hesabu hiyo hiyo inatuonesha inapoweza kufaa: pale unapoweza kuiweka juu ya tatizo lenyewe, bila kungoja damu iipeleke. Juu ya ngozi, mdomoni, puani, na ndani ya tumbo kabla haijanyonywa. Karafuu imepata heshima kwa madaktari wa meno kwa sababu hiyo hiyo, maana eujenoli yake huwekwa ndani ya tundu la jino. Mabibi zetu huku Burundi na Rwanda, wanaotumia majani ya umuravumba, nao wana njia zao za kuchua na kufukiza, na hizo zinastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko tunavyofanya.

Katika tumbo tunao mfano wa kweli, na ni wa ugonjwa tunaoufahamu vizuri sisi tunaokula mara moja kwa siku wakati wa mitihani. Helicobacter pylori ni bakteria anayeishi kwenye ukuta wa tumbo na kusababisha vidonda. Mwaka 2010 watafiti wa Saudi Arabia walichapisha jaribio lao kwa wagonjwa 88 waliokuwa na bakteria huyu na maumivu ya tumbo yasiyo na kidonda. Kundi moja lilipewa matibabu ya kawaida, antibiotiki mbili pamoja na omeprazoli. Makundi matatu yalipewa habasoda iliyosagwa, gramu 1, 2 au 3 kwa siku, nayo pia pamoja na omeprazoli. Matibabu ya kawaida yaliwaondoa bakteria kwa asilimia 82.6 ya wagonjwa. Gramu 2 za habasoda ziliwaondoa kwa asilimia 66.7. Gramu 1 na gramu 3 zote mbili zilibaki chini ya asilimia 48.

Mimi nilipoyasoma matokeo hayo mara ya kwanza nilifurahi, kisha nikakaa kimya. Nilifurahi kwa sababu theluthi mbili si mchezo, na kwa takwimu za jaribio lile tofauti kati ya gramu 2 na antibiotiki haikuthibitika. Nilikaa kimya kwa sababu ya gramu 3. Tungetarajia zaidi iwe bora, nayo haikuwa. Makundi yalikuwa madogo na jaribio moja halitoshi, lakini linakataa ile tabia yetu ya kuongeza kijiko kila dawa inapochelewa. Tena, habasoda ile ilikuwa mbegu iliyosagwa na kupimwa, siyo mafuta ya chupa, na haikutumiwa bila omeprazoli.

Antioksidanti nayo

Neno hili limekuwa kama hirizi. Likiandikwa kwenye kopo, bei inapanda. Maana yake ni hivi: mwili ukichoma chakula kupata nguvu, huzalisha chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake, zinazoitwa radikali huru. Chembe hizi hunyang'anya elektroni kutoka kwa jirani zao, na kwa kufanya hivyo huharibu utando wa seli, protini na hata DNA. Antioksidanti ni kitu kinachotoa elektroni yake kwa hiari na kuuzima ugomvi.

Maabara hupima kwa unga wa zambarau uitwao DPPH, ambao wenyewe ni radikali. Ukiuongezea kitu chenye uwezo wa kuuzima, zambarau hufifia na kuwa manjano, na mashine husoma mabadiliko hayo katika mwanga wa nanomita 517. Mwaka 2000 Burits na Bucar, wa Chuo Kikuu cha Graz nchini Austria, waliyatenganisha mafuta ya harufu ya habasoda juu ya bamba, wakalipulizia DPPH ili waone ni sehemu zipi zitageuka rangi. Zilizogeuka zilikuwa thaimokwinoni, kavakroli, anetholi na tapineoli. Ni kazi nzuri, safi, na mtu wa kemia huipenda kwa sababu jibu lake unaliona kwa macho.

Lakini DPPH haimo mwilini mwako. Mwili una vimeng'enya vyake vya kuzima radikali, unavitengeneza mchana na usiku, na hata huzitumia radikali hizo hizo kama silaha: chembe nyeupe za damu huwaua bakteria kwa kuwamwagia. Thaimokwinoni nayo ina sura mbili. Kwa kiasi kidogo hugeuzwa kuwa aina inayotoa elektroni na kulinda. Kwa kiasi kikubwa inaweza kuzunguka ikichukua na kurudisha elektroni, na katika mzunguko huo ikazalisha radikali nyingine mpya. Kitu kile kile, kipimo tofauti.

Yaliyompata ndugu yetu

Nataka kueleza kwa nini nimeandika. Muhula uliopita mwenzetu mmoja wa bweni alipatwa na homa ya matumbo. Alipimwa, akaandikiwa antibiotiki za siku kadhaa. Siku ya tatu homa ikashuka. Ndugu mwingine, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwamba vidonge vya hospitali vinachosha ini, amalizie kwa mafuta ya habasoda, vijiko viwili asubuhi na jioni, tena ni Sunna. Akakubali. Baada ya wiki mbili homa ilirudi, kali kuliko ya kwanza, na tulimbeba usiku. Alhamdulillahi alipona, lakini mitihani miwili ilimpita.

Salmonella Typhi hakai utumboni akingoja mafuta yapite. Hujificha ndani ya chembe za kinga zenyewe, na husafiri nazo mpaka kwenye ini, bandama, uti wa mifupa na kibofu cha nyongo. Homa inaposhuka siku ya tatu, bado wapo waliojificha, na siku zilizobaki za vidonge ni za hao. Ukiacha hapo, wanaosalia wanaanza kuongezeka tena. Na kila mara bakteria wanapokutana na dawa nusunusu, wale wastahimilivu hupata nafasi ya kutamalaki, na kesho dawa hiyo hiyo haimfai mgonjwa mwingine ambaye hata hakukujua.

Kuna hadithi nyingine inayohusu tiba, ambayo sijawahi kuiona kwenye chupa. Wameipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, na maana yake ni kwamba anayejifanya tabibu naye hajulikani kwa utabibu, basi yeye ni mdhamini, yaani madhara yakitokea yapo juu yake. Mafakihi wameijengea hukumu za fidia. Anayeuza mbegu au mafuta kama chakula ni mfanyabiashara, na Mwenyezi Mungu ambariki katika biashara yake. Anayemwambia mgonjwa "acha vidonge vya daktari" ameshavuka mpaka, na sijui kama wauzaji wetu wanaijua hukumu hiyo.

Kwa anayeitumia, na kwa anayetaka kuichunguza

Mimi mwenyewe ninaila. Nusu kijiko cha mbegu, ninaitafuna au kuisaga papo hapo, kwa sababu ikishasagwa harufu yake huanza kuruka na pamoja nayo ile thaimokwinoni. Ukinunua mafuta, chagua chupa ya rangi ya giza na uiweke mbali na jua. Ukitaka kupaka ngozini, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na ungoje siku moja, kwa maana wapo waliopata upele na malengelenge. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anayemeza vidonge amweleze daktari wake, kwa kuwa majaribio kwa watu yameonesha habasoda hushusha sukari na presha kidogo, na mshusho juu ya mshusho unaweza kumwangusha. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande, na mama mjamzito, wasizidishe kiwango cha kiungo cha chakula bila ushauri. Na unapokwenda kupimwa, sema unachotumia. Daktari akikasirika, sema tena.

Kwa ndugu wa kitivo cha sayansi wanaotafuta mada ya memwari, nina ombi. Tunazo kazi za kutosha zenye kichwa "mafuta ya mmea fulani yanaua bakteria fulani", zilizoishia kwenye rula. Chukua chupa tano zinazouzwa katika soko letu, upime thaimokwinoni iliyomo katika kila moja, kisha uziweke juani wiki nne na upime tena. Au uchukue umuravumba kutoka milimani na kutoka uwanda wa Imbo, uone kama mafuta yake ya harufu ni yale yale, maana mmea mmoja huweza kubadilisha kemikali zake kwa udongo, mwinuko na msimu. Andika kiasi cha chini kinachozuia, weka antibiotiki pembeni kwa kulinganisha, na utaje umetumia kiyeyushi gani. Mwenye chombo cha kuchemshia cha Clevenger katika labo yake aniambie, nitakuja na mbegu.

Wallahu a'lam.